Kawa la Hafswa

Wiki moja kabla ya kuhama, kampuni ya kuhamisha watu ilimtuma msimamizi wao aje anieleze namna ya kuitayarisha nyumba. Jina lake Mwaringa, mtu wa Vitengeni, shati limepigwa pasi na kalamu imekaa sikioni. Akaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu Omar, akakataa juisi mara mbili, ya tatu akaikubali, kisha akanipa karatasi.

"Mwalimu, kufunga ni kazi yetu," akasema. "Wewe kazi yako kutenga tu."

Mimi nimefundisha sayansikimu miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wanawake wa Malindi hii wamejifunza kukunja shuka mbele ya macho yangu. Leo nifundishwe kutenga! Nikavaa miwani, nikaisoma karatasi yake, nikaisahihisha pawili kwa wino mwekundu, nikamrudishia. Kwa bahati yake alicheka, nami nikampenda kidogo.

Maagizo yenyewe, nisiwe mnafiki, yalikuwa ya maana. Hati, dawa, dhahabu na Msahafu nibebe mwenyewe. Friji lizimwe siku moja kabla, liachwe wazi likauke. Makaa, mafuta ya taa na chakula kilichokwisha kufunguliwa havipandi lori. Kila cha kugawa kigawiwe kabla hawajafika, kwa sababu watu wake wakishaanza hawaulizi, wao hufunga tu. Kuna nyumba moja huko Kikambala walifunga pipa pamoja na taka zake, na mwenyewe akalikuta limeviringishwa karatasi vizuri kabisa. La mwisho akalipigia mstari: usifunge mwenyewe. Wao huhesabu kila kitu kimoja kimoja, wakakiandika, ndipo wakakifunga, na katoni wasiyoifunga wao hawaijibii.

Nilitii yote ila hilo la mwisho. Niwaache watu nisiowajua watie mikono kabatini mwangu, waone foronya zilizochakaa? Siku nne nilifunga, na magoti yangu haya. Magoti ndiyo yanayonihamisha, maana nyumba yetu ina ngazi kumi na tisa, na binti yangu Shukri, muuguzi kule Kilifi, amenijengea nyumba isiyo na ngazi karibu na kwake. Nahama kwa hiari yangu. Aliyedhani nafukuzwa na uzee angekuja kuniona nikiburura katoni.

Kazi iliyonichosha zaidi lakini haikuwamo kwenye karatasi ya Mwaringa. Mtaani kwetu sahani hazikai kwao. Jirani akipika kitu kizuri hukuletea, na sahani yake hubaki kwako mpaka nawe upike, uirudishe ikiwa na chakula. Hairudi tupu. Ndiyo maana kila mwanamke ameandika herufi yake chini ya vyombo vyake kwa rangi ya kucha. Nilipopindua vyombo vyangu nilikuta sahani na mabakuli kumi na moja ya watu. Nikapika siku mbili, nikazungusha mlango kwa mlango, huyu sambusa, huyu mkate wa mayai, na kila mlango nikaomba radhi kama ifaavyo kwa mtu anayeondoka: tumeishi mengi pamoja, tusameheane.

Mlango mmoja sikuugusa. Ni wa Hafswa, tuliyeshirikiana naye ukuta miaka ishirini na miwili. Sikuwa na sahani yake, na sikuwa na neno naye.

Omar alipofariki, Hafswa ndiye aliyeshika nyumba yangu. Alipika, aliosha, aliwapokea wageni, alinilazimisha nile. Mpaka siku ya arubaini alikuwa akiingia bila hodi. Kisha akakatika. Mimi nilikuwa ndani ya eda, sitoki, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nikawa nasubiri, leo atakuja, kesho atakuja, hakuja. Nilipotoka nilikutana naye mlangoni, nikamsalimu, akanijibu kama anavyojibiwa mpita njia. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikanuna, naye akanuna, na miaka mitatu ikapita hivyo, kila mmoja akisikia kila asubuhi kijiko cha mwenzake kikikoroga chai upande wa pili.

Mbele za watu nilisema hanishughulishi. Kweli ni kwamba nilimtaka Hafswa wangu, nilimtaka mno. Kutoka Malindi hadi Kilifi ni mwendo wa saa moja na ushei, lakini nani hupanda gari kwenda kumtembelea mtu asiyesema naye? Na sisi si wasichana. Nikiondoka hivi, habari itakayofuata, yake kwangu au yangu kwake, itakuwa ya tanzia. Hilo nilijua, na kila nilipolifikiri nilifunga katoni nyingine.

Siku ikafika. Saa mbili kamili asubuhi lori likasimama chini, maana kichochoro chetu hakiliruhusu kuingia, na Mwaringa akapanda ngazi na watu wake wanne. Akatazama katoni zangu kumi na tisa zilizopangwa ukumbini kama darasa linalosubiri ukaguzi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "tulisemaje?"

"Zimefungwa vizuri kuliko mtakavyozifunga nyinyi."

Hakubishana. Akainama, akainyanyua moja, akaitikisa. Ndani mkalia. Akaniangalia tu. Nikakata selotepu kwa kisu changu mwenyewe, tukaanza kufungua.

Vyombo vya jikoni alipewa Zipporah, mama mnene wa makamo aliyekuwa akifunga vyombo vya mahoteli kabla ya kujiunga nao. Mikono yake nilikosa pa kuikosoa, na nilijaribu. Kila glasi karatasi mbili, kila sahani husimamishwa, hailazwi. Aliita kwa sauti na mwenzake akaandika: masufuria saba, karai moja, vijiko vya mbao vitano. Mimi nilisimama na daftari langu, nikilinganisha, na mpaka hapo sikuwa nimekosea hata kimoja.

"Makawa matatu," akaita Zipporah.

"Mawili," nikasema.

Alikuwa ameyatungua kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, vile vifuniko vyetu vya ukili vyenye ncha, tunavyofunikia sinia la chakula. Yamekaa pale yamevikana, hayajashuka tangu msiba wa Omar ulipokwisha. Anayepika kisufuria cha mtu mmoja hana cha kufunikia.

"Mwalimu, ni matatu. Tazama." Akayavua moja moja akayaweka mezani. La kwanza langu, la pili langu. La tatu, lililojificha ndani kabisa, lilikuwa na mistari ya zambarau na kijani, na ncha yake imemalizwa kwa fundo la ukili lililosimama wima.

Sikuhitaji kutafuta rangi ya kucha. Fundo lile ni Hafswa pekee anayelifunga mtaa mzima. Nimemcheka kwa ajili yake miaka mingi, nikimwambia limekaa kama kishungi cha jogoo. Nikaketi juu ya katoni.

Kawa haliji peke yake. Huja juu ya sinia. Kama kawa liko kwangu, sinia lake liko wapi, na lilirudije bila kifuniko?

Nikamwita Shukri. Alikuwa chumbani akinitolea nguo za kusafiria, ameomba ruhusa kazini aje kunichukua.

"Hili lilikuja lini?"

Akalitazama, akakunja uso akikumbuka. "Siku ya arubaini ya baba. Mama Hafswa alileta sinia la biriani. Tukala, wageni wakaondoka, nikaliosha nikalirudisha jioni ile ile. Kawa nadhani nililisahau."

"Ulilirudisha na nini?"

Akaanza kulifuta kawa vumbi.

"Shukri, nakuuliza, ulitia nini kwenye sinia?"

"Sikutia kitu, mama."

Jamani, nilipandwa na hasira mpaka miwani ikaniingia ukungu. Nilimwambia maneno ambayo Zipporah alijifanya hayasikii, akaviringisha kijiko kimoja kwa karatasi nne. Sinia la watu! La msiba! Jioni ile ile, tena tupu! Hata adui hurudishiwa angalau sukari kiganja kimoja. Kurudisha chombo kitupu, na chakula hakijatulia tumboni, ni kumwambia mwenyewe: chako tumekiona, usilete tena. Nimekulea mimi, nikamwambia, au ulilelewa na nani?

Shukri akaniacha nimalize. Ni binti yangu, ananijua.

"Najua desturi, mama," akasema. "Kwa jirani mwingine yeyote nisingethubutu. Lakini nyumbani hamkuwa na kitu, nilikuwa sijalala siku tatu, na nikasema, aa, huyu ni Mama Hafswa. Kwake hatuhesabiani. Nilimwona kama wewe tu." Macho yake yakajaa maji. "Nenda umwambie ni mimi. Mwambie jina langu."

Hasira ikanishuka yote kwa mkupuo, ikaniacha na baridi. Kwa hiyo yule mwanamke, baada ya kunibeba siku arubaini, alipokea sinia lake likiwa tupu kutoka mlango uliofungwa, kwa mkono wa mwanangu, nami siko, nimejifungia ndani. Ningekuwa mimi ningenuna miaka kumi.

Nikatazama saa. Saa nne na robo. Mwaringa alikuwa amesema lori litaondoka saa saba, baada ya swala ya adhuhuri. Nikasimama.

"Zipporah, nataka karai."

"Liko katoni ya tisa, Mwalimu. Imeshafungwa."

"Ifungue."

Mwaringa akatokea mlangoni aliposikia. "Mwalimu, katoni ikishaandikwa..."

"Baba, wewe umenifungulia kumi na tisa, mimi nakuomba moja," nikamwambia. "Na sahani moja ya maua ya buluu, iko wapi?"

Ilikuwa katoni hiyo hiyo, alhamdulillahi. Zipporah hakungoja amri ya pili. Alikwisha tia kisu.

Vile visivyopanda lori vilikuwa vimerundikwa uani: nusu pakiti ya unga, sukari iliyofunguliwa, samli ya mwisho kwenye kopo, mafuta ya kupikia, nazi mbili, iliki kwenye karatasi, na jiko la makaa ambalo Mwaringa alilikataa kwa sababu ya majivu. Unga, samli, tui, iliki: ni visheti. Tena visheti havitaki kuumuka, havitaki oveni, vinataka mkono, na mkono ninao. Shukri akakuna nazi bila kuambiwa. Nikakanda, nikakata vijidonge, nikavikandamiza na kuvikunja kwa uma, nikatia karai motoni.

Walikuwa wakipita na kitanda changu kichwani huku mimi nakaanga. Kabati likapita, meza ikapita, kiti cha Omar kikapita. Nilitegemea moyo uniume, haukuniuma. Ulikuwa na kazi nyingine. Harufu ya iliki ikapanda ukutani ikaingia kwa Hafswa, na nilijua yuko jikoni kwake kwa sababu kijiko chake kilinyamaza.

Shira iliposhika sukari nikavigaragaza visheti, nikavipanga kwenye sahani, nikafunika na lile kawa la zambarau. Wafungaji nao nikawatilia chao kwenye karatasi, maana watu hawatoki nyumbani kwangu na njaa. Nikatia buibui. Mwadhini alikuwa ameshamaliza.

"Nije nawe?" Shukri akauliza.

"Kaa."

Ngazi kumi na tisa kushuka, hatua sita kwenda mlango wa pili. Nimewahi kuwahutubia wazazi mia nne bila karatasi. Pale mlangoni nilirekebisha buibui mara mbili.

"Hodi."

"Karibu," kutoka ndani, sauti ambayo haikukaribisha mtu.

Akafungua nusu. Amezeeka kidogo, Hafswa wangu, na shavuni amepungua. Hakunitazama usoni, aliliangalia kawa.

"Hilo langu," akasema.

"Lako. Sahani ni yangu. Ndani muna visheti."

"Wahama leo."

"Leo. Lori linangoja."

Akabaki ameshika mlango. Nilidhani ataufunga, na kama angeufunga nisingekuwa na la kufanya ila kurudi na sahani yangu mbele ya mtaa mzima.

"Sinia langu lilirudi tupu, Shekha," akasema. "Siku ya arubaini ya Omar. Lilikuwa lachuruzika maji. Nililiweka hapa mezani nikalitazama mpaka isha. Nikasema, kwani nimekosa nini? Biriani ilikuwa na chumvi? Au niliingia mno nyumbani mwa watu? Nikasema basi, shoga amechoka nami, lakini aona haya kusema."

Neno lilikuwa ulimini mwangu, tayari kabisa: si mimi, ni Shukri. Lilikuwa kweli, na mwenyewe aliniruhusu. Ningesema hivyo, Hafswa angesema kumbe, na mimi ningeondoka Malindi sina doa. Lakini Shukri amekulia mapajani mwa mwanamke huyu. Na sinia lilitoka nyumbani kwangu. Na miaka mitatu, je? Miaka mitatu nani alinizuia kushuka ngazi nikabisha hodi nikauliza? Hapana mtoto aliyenishika mguu.

Mimi Shekha, waulizeni niliowasomesha, sijui kusema nimekosa. Omar aliishi nami miaka thelathini na saba hakulisikia neno hilo, Mungu amrehemu.

"Nimekosa, Hafswa," nikasema. "Nilikukosea kwa sinia, na nikakukosea tena kwa kukaa juu kama malkia, nikingoja uje. Nisamehe. Sitaki kuondoka hivi. Siwezi."

Mikono yake ikatoka mlangoni. Mlango ukafunguka wenyewe.

"Nilikuwa nakusikia ukikohoa," akasema. "Eda nzima, nyuma ya ukuta. Nachemsha tangawizi, naimimina kwenye birika, kisha naimwaga. Nami nisamehe."

Sikumbuki nani alimshika mwenzake. Nakumbuka visheti vilitaka kumwagika, akaidaka sahani, tukacheka huku pua zatuvuja, wanawake wazima wawili kizingitini. Huko mwisho wa kichochoro lori likapiga honi, na nikamsikia Mwaringa akimkemea dereva.

"Ngoja," akasema Hafswa. Akaingia ndani na sahani yangu.

Nikamsikia akifungua kabati, nikasikia chombo kikigongana na chombo, na roho ikanishuka. Nilijua anafanya nini. Anahamisha visheti, ataosha sahani, atatia chochote alicho nacho, tende, kaimati za jana, anirudishie palepale kama heshima inavyotaka. Itakuwa imerudi, tena imejaa. Tutakuwa sawa, hakuna anayemdai mwenzake kitu, na nitaondoka kwa amani, na ndiyo itakuwa mara ya mwisho kumwona. Nikataka kupiga kelele, acha, usirudishe.

Akatoka. Mdomoni ana kisheti kizima, shavu limejaa. Mikononi hana kitu.

"Mafuta yalizidi moto," akasema akitafuna. "Umeanza kusahau kupika."

"Sahani yangu?"

"Sahani yako haitoki hapa." Akajifuta shira mdomoni kwa ncha ya leso. "Nipe siku kumi nitengeneze achari ile unayoipenda. Nikija Kilifi nitakuja nayo, na nitalala. Mwambie Shukri anitandikie."

Nikaondoka bila kuaga. Shukri alikuwa amewasha gari, amekaa ameshika usukani kwa mikono miwili, amenikodolea macho.

"Amesemaje, mama? Amekubali?"

"Amekataa kunirudishia sahani yangu," nikamwambia, na nikalia kwa furaha mpaka Gede, wala sikuona haya.